Ndita Mbili Katikati ya Nyusi

Askari wa kizuizi cha polisi, kwenye barabara ya kutoka Liboi, alikitazama kitambulisho changu, akanitazama mimi, kisha akakirudia kitambulisho. Tulikuwa tumeshuka garini sote na kujipanga juani kama ilivyo kawaida, kila mmoja na kipande chake mkononi.

"Mama, hii si ya binti yako?"

"Ni yangu."

"Huyu wa kwenye picha ni mrembo."

"Alikuwa. Amekaa juani tangu hapo."

Foleni ikacheka. Askari alijaribu kutocheka kwa kuwa yuko kazini, akanirudishia kipande.

"Sasa usinikasirikie, mama. Ni kazi tu."

"Sijakasirika."

"Basi uambie uso wako."

Nilicheka na wenzangu, lakini gari lilipoondoka nilifungua kamera ya simu nikajitazama njia nzima hadi Garissa. Katikati ya nyusi zangu zimesimama ndita mbili, wima, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Juu yake, kwenye paji, ipo mistari mingine iliyolala, lakini hiyo ya kulala hainisumbui. Kila mtu wa umri wangu anayo, na mimi nimepita hamsini. Zinazonisumbua ni hizo mbili za kusimama. Kwa sababu yake nimeulizwa "mbona umekasirika?" na wateja, na majirani, na mke wa mchungaji tukiwa katikati ya wimbo wa shukrani. Niliwahi kuulizwa nikila tikiti maji, na tikiti maji la mashamba ya mto Tana hunifurahisha kuliko mambo mengi ya dunia hii.

Najua zilikotoka. Niliacha shule darasa la saba, kabla ya mtihani. Mama aliugua, mtu akahitajika nyumbani, na alipopona mimi nilikuwa nimeshaonja kukaa nje ya darasa. Nikawa mpishi wa watu wanaojenga barabara. Barabara ilikuja upande huu, nami nikaja nayo. Watu wa hapa Garissa wakivuka daraja la Tana kwenda Nairobi husema wanakwenda Kenya. Mimi nililivuka nikitoka Kenya na sikurudi, ila kwa kutembea. Nikauza nyanya Mandera, kando ya mto Daua, nikiwauliza wanawake waliovuka kutoka ng'ambo wanapikaje, wanaoanaje, wanaota ndoto gani. Nikauza mitumba Ifo, kambini kwa wakimbizi. Nikapika anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali, na chai kwenye mkahawa wa Liboi, jiko likiwa ndani na dirisha likiwa dogo, moshi ukinijua kwa jina. Kila nilipochoka na mahali nilifunga mzigo. Na kila nilipofika mahali, lugha ilinitangulia kuongea nami sijaielewa, basi nikawa nawakazia watu macho midomoni na kukunja uso, nikitafuta maana. Kisomali nimekijua hivyo. Jua, moshi na udadisi, hivyo ndivyo vilivyonichonga.

Nilipompigia mdogo wangu simu kumsimulia kisa cha askari, hakucheka nilivyotegemea. Yeye yuko Nairobi, anapokea wagonjwa kwenye kliniki ya ngozi.

"Dada, hizo zinaondoka."

"Zinakwenda wapi?"

"Kuna sindano. Daktari anakudunga hapo katikati, nyama inatulia, ndita zinalala. Mimi nimefanya. Hukuona Krismasi?"

Nilikuwa nimeona kitu Krismasi. Nilidhani amepata mchumba.

"Njoo nikulipie," akasema. "Ulinibeba mgongoni ukipika ugali wa watu ishirini. Nimekosa cha kukupa miaka yote, kwa sababu ukipewa kitu unakigawa. Hiki hutaweza kugawa."

Nikajipapasa katikati ya nyusi.

"Dada, si dhambi."

"Nimesema ni dhambi?"

"Hata kwa simu nauona uso wako."

Nilitaka, niseme ukweli. Sikutaka kuwa msichana wa kwenye kitambulisho, maana yule alikuwa na njaa na hofu nyingi, na sina hamu ya kurudi kwake. Nilitaka tu watu waache kunihurumia kwa hasira nisiyokuwa nayo. Nimekuwa mtu mwenye furaha kwa muda mrefu, na uso wangu ndio pekee ambao haujapata habari.

Basi nikaenda. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, mikono ya baridi. Aliniketisha mbele ya dirisha.

"Kunja uso kama umekasirika."

"Hivi hivi tu? Bila kosa?"

"Fikiria mimi nimekukosea."

Nikakunja. Akachukua kalamu nyeupe, akaniwekea nukta kati ya nyusi. Akaniambia niinue nyusi kama nimeshangaa, na hilo halikuwa kazi, kwa kuwa nilikuwa nashangaa tangu nilipoingia. Kisha akaniuliza nina swali lolote, na mdogo wangu aliyekuwa mlangoni akashika kichwa. Ananijua.

Niliuliza dawa yenyewe inafanya nini. Akasema inaizuia nyama ya hapo isisikie amri ya kujikunja. Niliuliza kama inauma. Akasema kama kuumwa na siafu, mara chache chache. Niliuliza hatari yake. Hakunificha: kichwa kinaweza kuuma, pakavilia damu kidogo, na mara nyingine, si nyingi, kope la jicho huteremka na kukaa hivyo wiki kadhaa. Akanionya nisije nikakubali kudungwa saluni na mtu asiyesomea kazi hiyo, hata akiwa rafiki. Niliuliza dawa ikiisha inaenda wapi.

Akacheka. "Mwili unaivunjavunja. Miezi mitatu, minne hivi, nguvu zake zinakwisha, uso unarudi ulivyokuwa."

"Na katikati hapo, nikitaka kukunja?"

"Utahisi unakunja. Lakini kioo hakitaona kitu."

Jibu hilo lilinifurahisha sana, kama kitendawili. Ningeweza kukasirika ndani kwa ndani na dunia isijue! Nilikuwa tayari kulala kitandani pale pale. Daktari ndiye aliyekataa. Alisema mtu anayekuja mara ya kwanza humrudisha nyumbani akatafakari, kisha akija wiki ya pili, amekuja kweli. Mdogo wangu akaniandikia Alhamisi iliyofuata. Namshukuru yule daktari hadi leo. Angeweza kunidunga, nami ningemwambia asante.

Nilirudi Garissa nikiwa nimeshakata shauri, nasubiri tu siku ifike. Lakini mimi ni mtu wa kuonja chumvi kabla ya kuitia chunguni. Nikajiuliza, maisha na paji lisilokunjika yakoje? Nikaenda duka la dawa nikanunua plasta ile pana ya kahawia. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nililivuta paji kwa vidole mpaka likanyooka, nikabandika plasta kutoka unyusi hadi unyusi na nyingine juu yake. Nikajikazia uso kwenye kioo. Kitu hakikusogea. Nikavaa mtandio wangu, nao nikaushusha hadi kwenye nyusi, kama wanavyovaa wanawake wengi hapa, nikatoka nikijiona msichana.

Sasa inabidi nieleze kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hutaona nilichoharibu.

Nauza maziwa ya ngamia pamoja na mwanamke mmoja Msomali, mzaliwa wa hapa, mkubwa kwangu kidogo. Tulikutana siku alipokuja kunywa chai kwenye kibanda changu, akaniambia chai yangu ni nzuri na maziwa yangu ni aibu. Kesho yake akaniletea yake. Tangu hapo tumekuwa pamoja, na hapo ndipo kutangatanga kwangu kulipopungua, ingawa hakujakoma. Maziwa hufika alfajiri kwa pikapu kutoka malishoni, kwenye mitungi ya plastiki iliyofukizwa kwa moshi wa kuni, kila mtungi na kitambaa cha rangi yake mkononi ili mwenyewe aujue. Mara nyingi wenye ngamia, au wake zao, huja na gari hilo hilo, husimama pale wakingoja. Sisi hupokea, huangalia, humimina kwenye pipa kubwa, na pipa hupanda gari la Nairobi kabla jua halijakolea.

Kuangalia ni kazi yangu. Mwenzangu amefukiza mitungi tangu utotoni, na moshi umeimaliza pua yake. Hawezi kutofautisha maziwa na sabuni. Mimi nafungua mtungi, nanusa, natia tone kiganjani, naramba. Na hapo ipo adabu moja aliyonifundisha tangu mwanzo: maziwa hayasemwi vibaya. Hutasema kwa sauti "haya yamechacha" na mwenye ngamia amesimama pale. Maziwa ni riziki iliyotoka kwa Mungu, na yule mama amelala njiani kuyaleta. Ukimtangazia mbele ya wenzake, umemvua nguo. Basi mimi sisemi kitu. Mwenzangu ananitazama usoni mara moja, halafu anajua. Kama ni mazuri, anamimina pipani. Kama yameanza kugeuka, anauweka mtungi kando na kumwambia mwenyewe, kwa furaha kabisa, kwamba huo ameuchagulia wateja wa susa, yale maziwa ya ngamia ya kuchachushwa, kwa sababu susa yake wanaisifu. Mama wa watu anaondoka akitabasamu, na mwezi ujao anarudi.

Mwenzangu anajuaje kwa kunitazama tu? Mimi ninayejiuliza kila kitu sikuwahi kujiuliza hilo. Nilidhani anasoma macho.

Asubuhi ile aliniona nikija, akanizunguka. Huniita abaayo, yaani dada, na kila "p" ya Kiswahili kinywani mwake hugeuka "b".

"Abaayo, leo kichwa iko na nini? Umefunga mbaka macho."

"Nasikia baridi."

"Baridi? Garissa?" Akawageukia wauza maziwa wengine, akawaambia kwa Kisomali kwamba dada yake Mkristo ameletewa theluji kutoka kwao. Wakaangua kicheko, nami nikacheka, na plasta ikanivuta ngozi.

Pikapu ikaja. Mtungi wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Kulikuwa na mama mmoja mwembamba, mgeni kwetu, aliyekuja na mitungi miwili yenye kitambaa cha kijani. Malisho yake yalikuwa mbali, na gari lililomleta hadi kwenye pikapu lilikuwa limekwama mchangani. Alisimama karibu sana na mimi, karibu kuliko wengine, kama mama aliyempeleka mtoto kliniki. Wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili nilipoufungua, pua iliniambia kabla ulimi haujafika. Nikaramba ili nihakikishe. Ulikuwa umeshageuka, tena haukuwa na safari ya Nairobi ndani yake. Nikahisi uso wangu ukisema, kama kila siku. Mwenzangu alinitazama. Nikainama kuchukua mtungi mwingine.

Nyuma yangu nikasikia maziwa yakimiminika pipani.

Sikugeuka. Hilo ndilo nisilolielewa mpaka leo, ila naweza kusema kwamba ukizoea mtu akuelewe, husikilizi tena. Nilidhani anamimina ule wa kwanza.

Dereva wa gari la Nairobi alipofika, aliomba chai kama kawaida yake. Mwenzangu alichota maziwa pipani akayateleka. Yalipochemka yakakatika, mabonge huku na maji huku, mbele ya kila mtu. Akachota tena, akachemsha, yakakatika tena. Pipa zima.

"Wewe ulisema iko sawa," akaniambia, si kwa ukali, kwa mshangao tu. "Mimi niliangalia wewe. Uso ilisema sawa."

"Nilikuambia haiko sawa!"

"Uliambia nani?"

Nikataka kujibu, na hapo joto likamaliza kazi yake. Jasho lilikuwa limeingia chini ya plasta tangu asubuhi. Upande mmoja ulibanduka, ukashuka taratibu kutoka chini ya mtandio, ukaning'inia juu ya pua yangu kama ulimi wa mbuzi.

Mwenzangu alikitazama kile kitu. Akakishika kwa vidole viwili, akakivuta chote, nywele kadhaa za unyusi zikaondoka nacho. Akanitazama paji. Nilikuwa nimelikunja kwa maumivu.

"Hiyo!" akasema, akinigusa katikati ya nyusi kwa kidole chenye hina. "Hiyo ndiyo nataka. Hiyo ilikuwa wabi?"

Ningecheka, kama nisingemwona yule mama wa kitambaa cha kijani. Alikuwa amesogea mbali na wengine, amekaa juu ya mtungi wake mtupu, amejifunika uso kwa shungi lake. Hakuna aliyemwambia neno. Hakukuwa na haja. Alijua maziwa ya nani yalichelewa njiani, na kila mtu pale alijua pia. Wanawake wenzake walikuwa wamewaletea watu wa Nairobi maziwa mazuri, na yake yameyaharibu yote. Hilo ndilo adabu yetu ilikuwa ikilizuia kila siku, nami sikujua kwamba ililizuia kwa kutumia ngozi ya paji langu.

Mwenzangu alimwona pia. Alikunja kile kiplasta akakitia mfukoni, akapaza sauti ili wote wasikie. Alisema pipa ndilo lenye kosa. Alisema jana hakulifukiza vizuri, kuni zilikuwa mbichi, na kwamba yeye, mwanamke mzima, amefanya kazi ya mtoto. Wanawake wakamtazama. Hakuna hata mmoja aliyeamini. Huyo hufukiza pipa mpaka yeye mwenyewe anuke kama kuni. Lakini uongo wa namna hiyo hausemwi ili uaminiwe. Wa kwanza akasema, "Ndiyo, kuni za siku hizi." Wa pili akasema kuni za siku hizi hazifai kabisa. Wakaanza kuzilaani kuni kwa pamoja, na mazungumzo yakawa marefu, na ndani yake yule mama akaliondoa shungi usoni. Mwenzangu akamwendea, akampa mkono, akamwambia susa itakuwa nyingi leo, aje amsaidie kuikoroga.

Tuliikoroga sote. Dereva aliondoka bila mzigo na bila chai.

Mchana, tulipobaki wawili, nilimwambia kila kitu: askari, mdogo wangu, daktari, kalamu nyeupe, Alhamisi. Nilitegemea anicheke au anihubirie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza kama kuna ya shingo.

"Kwani wewe ungefanya?"

"Mimi kila Alhamisi naweka kasil," akasema. Kasil ni unga wa majani ambao wanawake hapa huukoroga na maji na kujipaka usoni mpaka wanakuwa kijani. "Nywele natia hina. Nani anataka kuzeeka? Ngamia hataki." Akafikiri kidogo. "Uso ni yako, abaayo. Fanya. Lakini niambie mabema, ndio nitafute mtu mwingine ya kukasirika."

"Sikasiriki! Nanusa!"

"Najua. Mimi tu ndio najua."

Nilitafuta njia. Sikuwa tayari kuachilia Alhamisi yangu hivi hivi. Nikamwambia ningeweza kukohoa maziwa yakiwa mabaya. Akasema baada ya siku chache soko zima litajua kikohozi, na mtu akipata mafua tutavunja nyumba za watu. Nikamwambia nitagusa sikio. Akasema mkono mmoja una mtungi na mwingine una maziwa kiganjani, sikio utaligusa kwa mguu? Nikajaribu midomo. Aliiangalia midomo yangu ikipinda huku na huku, akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Hiyo wataona wote. Ile ya katikati ya macho ni ndogo. Hakuna mtu anaangalia, wanafikiri wewe iko hivyo kila siku."

Nikalikumbuka neno hilo jioni, nikiwa naosha pipa. Watu wote walionidhania nimekasirika walikuwa wameniandalia mahali pa kujificha. Ningekuwa na uso laini, kila mkunjo ungekuwa tangazo. Kwa kuwa nina uso huu, naweza kumwambia mwenzangu jambo zito mbele ya umati, na mwenye kuumizwa nalo asilione.

Lakini nisiseme kwamba hesabu hiyo peke yake ndiyo iliyonigeuza. Kilichonigeuza ni kwamba nilijaribu kukumbuka mtu mwingine, popote nilipopita, ambaye aliwahi kunitazama usoni kila asubuhi na kuamini alichokiona, kiasi cha kumimina riziki yake yote kwa neno la uso huo. Mandera sikuwa naye. Ifo sikuwa naye. Nilikuwa nikifunga mzigo kabla mtu hajanizoea. Nimezeeka mbele ya macho ya mtu, na mtu huyo amezijua ndita zangu zikianza, zikizama, zikawa lugha. Sikujua kwamba hilo ni jambo linaloweza kumtokea mtu kama mimi.

Nikampigia mdogo wangu.

"Siji Alhamisi."

"Umeogopa sindano."

"Sikuogopa."

"Mume amekataza?"

"Mume gani? Ni maziwa."

Nikamweleza. Nikasikia anacheka kwa pua. "Yaani unakataa urembo kwa ajili ya maziwa ya ngamia."

"Wewe wako umekupendeza," nikamwambia, na nilimaanisha. Krismasi ile alikuwa anang'aa. Kazi yake ni kuwapokea watu wenye wasiwasi, na uso uliotulia unawatuliza. Kwake ile sindano ni mkono wa kulia. "Kwangu mimi ungekatwa mkono wa kulia."

"Basi nafasi yako nampa nani?"

"Si ulisema sitaweza kuigawa?"

Akacheka kweli sasa. Aliniahidi kunitumia mafuta ya kukinga jua, ili ndita zisizaane, akanifanya nami niahidi kuyapaka. Nayapaka. Najipaka na kasil pia siku za Alhamisi, tukiwa wawili nyuma ya kibanda, kijani kama majani ya mpapai, tukiwakemea wateja wasitutazame. Sijawa mtu wa kuusifia uzee. Magoti yangu nayauza kwa yeyote. Na huenda siku moja nikaacha maziwa, nikafunga mzigo tena, nikapita Nairobi nikamwambia yule daktari achukue kalamu yake nyeupe. Najua mlango wake uko wapi, na nashukuru kwamba nilifunguliwa.

Yule mama wa kitambaa cha kijani alirudi. Tulidhani hatutamwona tena, lakini wiki chache baadaye alishuka pikapu na mitungi yake, akapita watu wote akaja kusimama mahali pale pale, karibu yangu mno. Nikaufungua wa kwanza. Nikainamisha pua. Nilipoinua kichwa nilimkuta hamtazami mwenzangu wala mtungi. Ananitazama mimi, katikati ya nyusi.

Mtungi ule ulikuwa umeanza kugeuka, kidogo tu.

Kabla mwenzangu hajanyoosha mkono, yule mama aliuchukua mtungi wake mwenyewe, akaubeba kwa utulivu hadi upande wa susa, akauweka chini kama anayejua nyumba. Alipopita aliniminya kiwiko. Kwa hiyo sasa tuko watatu tunaojua.

Nyuma yake kulikuwa na mwanamke mwingine, kijana, mara yake ya kwanza. Alinikabidhi mtungi kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua, akamnong'oneza mwenzangu kwa Kiswahili, akimwita shangazi kwa Kisomali, labda akidhani ni heshima nisikie au labda akidhani sitasikia.

"Eedo, huyu mama mbona amekasirika?"

Mwenzangu hakuniangalia. Alikuwa anakaza kifuniko cha pipa.

"Hakukasirika," akasema. "Iko kazini."